Bibi yangu alivyogeuzwa mtu wa Moshi

Swali lenu la wiki hii, "Muhuri wa wakili una kazi gani, au tunalipia wino tu?", nilishalijibu kabla sijamaliza kulisoma. Tunalipia wino. Ila nilivyoanza kuandika nikaona mie hasira zangu ziko kwingine, kwa nini hakuna anayekwambia mapema ujiandae vipi? Unajua siku ukishafukuzwa.

Mwaka jana bibi yangu alikuwa anafuatilia kiwanja chake cha Makorora, hapa Tanga. Kitambulisho chake cha NIDA kinasema baba yake ni Khamisi, karatasi za kiwanja zinasema Hamisi. Hiyo K moja tu jamani! Ofisini wakataka hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Sie watu wa pwani nani hana hii shida, baba Khamisi, mtoto Hamis, mjukuu kaandikwa Hamisi shuleni.

Mie nikajifanya mjanja. Nikaenda steshenari, kijana akanichapia, nikaprinti, usiku nikamshika bibi dole gumba nikaligandamiza kwenye wino, tukaweka kwenye karatasi jikoni pale pale, ili kesho kwa wakili iwe ni muhuri tu na kuondoka. Bibi anasoma Kiarabu vizuri tu, hizi herufi za shule ndo hazimhusu, na mie sikumsomea. Kwa kweli hata mwenyewe sikuisoma, niliangalia majina tu.

Asubuhi bajaji hadi mjini, miguu inamuuma, ngazi zenyewe mnazijua zilivyo zile ofisi za ghorofani. Wakili binti mdogo, kamwamkia vizuri, "Shikamoo bibi", kaitazama karatasi, kauliza, "Hili dole kaweka wapi?" Nikasema nyumbani. Akairudisha. Kumbe bibi anatakiwa aape na aweke dole mbele ya wakili mwenyewe, na sheria ya mawakili wanaoapisha watu, ile ya sura ya 12, inamtaka wakili aandike kwa ukweli kiapo kimefanyika wapi na tarehe gani, sasa ataandikaje "leo, mbele yangu", wakati dole limewekwa jana jikoni kwetu? Nilikasirika nyie, nikaona anatafuta hela ya kuchapa upya.

Bibi akasema, "Mwanangu, hebu nisomee basi imeandikwa nini." Yule binti akaanza kusoma kwa sauti, "Mimi fulani binti fulani, mtu mzima, Mkristo na mkazi wa Moshi..."

"Moshi! Mie Moshi nimefika lini?"

Kijana wa steshenari alichukua kiapo cha mtu mwingine akabadilisha majina tu! Nikashuka ngazi, nikarudi kule kule kurekebisha, bibi kaachwa kwenye benchi na chupa ya maji. Niliporudi akasomewa yote, akaulizwa kama ni kweli, nani anamfahamu, nikamtambulisha mie na kitambulisho chake mezani, ndo akaapa, ndo dole. Elfu ishirini. Iliniuma na bado inaniuma.

Kwa hiyo kama unakwenda, usisaini wala kuweka dole nyumbani, acha wazi. Beba orijino, siyo kopi peke yake, maana wa kuthibitisha kopi anatakiwa alinganishe. Mzee wako msomee kwanza. Na kitambaa, wino ule hautoki kirahisi.

Nilisema wino tu, naona nimejipinga mwenyewe. Yule binti angegonga bila kuuliza, bibi angeapa kwa dini ya watu na mji wa watu, na hiyo K ingekuwa ndo tatizo dogo kuliko yote. Hapo alifanya kazi ya hela yake, nakubali. Lakini msinielewe vibaya, mwezi uliopita nimepeleka vyeti vya mdogo wangu kwa mwingine, mambo ya mkopo wa chuo, jamaa kagonga mihuri yote huku anaongea na simu, orijino hata hakuzifunua, na hela kachukua ile ile. Huyo sasa ndo wino mtupu. Mtu utawajuaje kabla hujapanda ngazi, mie sijui.

Bibi naye mpaka leo akiniona na bahasha mkononi anauliza, "Tunakwenda Moshi?"