Jibu: Misuli ya moyo na ya mguu zote zina mistari, utazitofautishaje kwenye slaidi ya hadubini?

Mkuu, hiyo mistari isikuchanganye, iko kwenye zote mbili kwa sababu protini zinazovutana ndani, aktini na mayosini, zimepangwa kwa mtindo ule ule. Wewe anza na kiini. Seli ya msuli wa mguu ni ndefu kama waya, ina viini vingi na vimesukumwa pembeni kabisa, ila ya moyo ni fupi, inafika maikromita 100 hivi, kiini kimoja au viwili na kiko katikati, halafu inatoa matawi yanayoungana na seli jirani.

Sasa kitu kitakachokumalizia ubishi ni diski za kuunganishia, vile vimistari vyeusi vinavyokata seli kwa upana, mara nyingi vinapanda kama ngazi. Mi napenda sana hii sehemu! Pale kuna desmosomu zinazoshikilia seli zisiachane moyo ukivuta, na kuna vitundu vidogo vya kupitisha ayoni, kwa hiyo umeme unatoka seli moja kwenda nyingine fasta na chemba nzima inajikunja pamoja. Kwa rangi ya kawaida ya H&E (hematoksilini na eosini) diski hizo zinaonekana kwa shida, shusha kondensa kidogo, ile lenzi ya chini ya hadubini inayokusanya mwanga, utaziona.

Mitokondria, vile viwanda vya nishati vya seli, nazo zimejaa, karibu theluthi ya seli, maana moyo haupumziki.

Ukikuta seli kubwa zimepauka chini ya endokadio (utando wa ndani wa moyo) usishtuke, hizo ni za Purkinje, seli za moyo zinazosambaza umeme, zina glikojeni (akiba ya sukari) nyingi na nyuzi chache za kujikunja.