Kabla hujatoa laki tano kwenye saa ya brandi, pitia hapa kwanza

Msimu wa korosho ukishaanza, minada ikipigwa na watu wakaona hela imeingia akaunti, simu yangu inajaa picha za saa. Dada hii Armani vipi? Hii Michael Kors naambiwa laki tano na nusu, ni halali au napigwa? Shemeji yangu mmoja wa Tandahimba yeye hana hata salamu, anatuma picha na neno moja tu, "Nichukue?" Sasa nimechoka kujibu mmoja mmoja, naandika yote hapa alafu atakayeuliza tena namtumia linki.

Kwa wasionijua, niko Mtwara mjini, nauza hereni, pafyumu na mafuta ya kupaka, na ubavuni kwangu ndo kuna meza ya mjomba wangu ambaye ni fundi saa. Saa sio biashara yangu ila ukikaa pembeni ya mtu anayefungua saa kutwa nzima mambo mengi unayaona, na mjomba akienda kuswali meza naangalia mimi, betri nabadilisha mwenyewe. Kwaiyo haya ninayosema nimeyaona mfuniko ukiwa umetoka.

Jibu langu nalitoa mapema ili mwenye haraka aende zake: kwa bei kamili ya dukani, hapana, saa za brandi za mitindo hazina thamani hiyo. Kwa nusu bei, kama umeipenda na unajua unanunua pambo, chukua kwa raha zako.

Sababu ni hii. Michael Kors, Emporio Armani, Diesel, hawa ni watu wa nguo na mikoba, saa zao wanatengenezewa kwa leseni na kampuni ya Marekani inaitwa Fossil Group, ndo hao hao wenye saa za Fossil, wako Texas tangu 1984. Hugo Boss, Tommy Hilfiger na Lacoste wako kwa Movado Group. Guess na Versace wako kwa Timex Group. Yaani vijana wanakaa kijiweni wanabishana mpaka mate yanaruka, huyu Armani yule Diesel, kumbe zote zimetoka nyumba moja, mlango mmoja.

Sasa tuingie ndani ya saa yenyewe. Saa ya brandi ya mitindo ukiigeuza na kutoa mfuniko, nyingi utakuta duara kubwa la plastiki nyeupe limejaza nafasi, na katikati pale kuna kamashine kadogo ka betri kasikozidi upana wa kidole gumba. Mara ya kwanza kuona hivyo nilimuuliza mjomba vingine viko wapi, akacheka, akasema ndo hivyo hivyo mwanangu, saa kubwa nyumba tupu. Hako kamashine mara nyingi ni Miyota, wanatengeneza Citizen wa Japani, na ukinunua moja moja mtandaoni zile za kawaida hazizidi dola kumi. Sio mashine mbaya hata kidogo, naomba tuelewane hapo, Miyota ni ngumu na inatunza saa vizuri, ila mashine hiyo hiyo ama ndugu yake unaikuta kwenye saa ya elfu hamsini isiyo na jina lolote. Ukichunguza chini kabisa ya uso wa saa, pale kwenye namba sita, kuna maandishi madogo kama mchwa, "Japan Movt". Hayo yanakwambia mashine tu ndo ya Kijapani, wala hayasemi saa imetengenezwa Japani, na nyingi zinaunganishwa China. Ni sawa na kununua pikipiki ya Kichina iliyobandikwa stika ya Mercedes alafu ukalipia stika.

Na hapo mtu ananiambia, lakini ya bei kubwa si inashika majira vizuri zaidi? Hapana jamani. Saa ya betri ndani yake kuna kipande cha jiwe la kwatsi kinachotikisika mara 32,768 kwa sekunde moja, umeme wa betri ndo unakitikisa, na huo mtikisiko ndo unahesabiwa mpaka mshale wa sekunde unaruka. Hesabu ni ile ile kwenye Armani na kwenye Casio ya plastiki, zote zinaweza kupotea mpaka sekunde thelathini hivi kwa mwezi basi. Seiko walipotoa saa ya kwanza ya mkononi ya aina hii mwishoni mwa 1969 bei yake ilikuwa ya kununulia gari, wakati huo sawa, ilikuwa maajabu. Leo hicho kitu kinauzwa kwa bei ya vocha.

Alafu tuje kwenye pwani yetu, maana hapa ndo napotaka mnisikilize sana. Mtu anayekaa Dodoma anaweza kuvaa saa ya dhahabu ya kupaka miaka na isimfanye kitu. Huku kwetu kuanzia Kilwa, Lindi mpaka Mikindani hewa yenyewe ina chumvi, joto linakutoa jasho kuanzia saa mbili asubuhi, na jasho lenyewe ni chumvi nyingine. Rangi ya dhahabu ya kupaka inaanza kukimbia kwenye zile pembe zinazogusa mkono, kwanza unaona kama pamekuwa peupe, baadae pamekuwa pajivu, mwisho panatoa kijani na mkono unawasha. Geuza saa usome mgongoni kabla hujalipa. Ikiwa imeandikwa "All Stainless Steel" au "Stainless Steel" peke yake, afadhali. Ikiwa imeandikwa "Stainless Steel Back", ujue chuma kisichoshika kutu ni huo mfuniko wa nyuma tu, mwili wote uliobaki ni bati la kuchanganya lililopakwa rangi. Neno moja hilo limewaliza watu wengi pale mezani, mama mmoja alikuja na saa ya mumewe ya zawadi ya harusi, pembeni imechubuka kama sufuria la kukaangia, anauliza mjomba anaweza kuipaka tena. Hawezi. Huku hakuna anayefanya hiyo kazi ikakaa.

Mkanda wa ngozi nao ni mzuri kwenye picha. Kwa jasho la Novemba na Disemba la huku, ngozi inanuka kabla mwaka haujaisha, mi mtu akiniuliza namwambia cheni ya chuma au mpira, ama ule mkanda wa kitambaa unaofulika. Mkanda unabadilishwa kirahisi ila angalia sehemu unapoingilia, baadhi ya hizi brandi wanaweka umbo lao wenyewe la ajabu ajabu, mkanda wa kawaida hauingii, na wa kwao huupati Mtwara wala Kariakoo.

Maji sasa. Kijana ananunua saa imeandikwa "Water Resistant 30M" anajirusha nayo baharini pale Shangani wikiendi, Jumatatu yuko kwa mjomba kioo kimejaa ukungu kwa ndani. Ndugu yangu, mita 30 hapo maana yake ukinawa mikono au ukinyeshewa kidogo isife, sio kwamba uzame mita 30. Mita 50 unaweza kuogelea ogelea kwa tahadhari, kwa kuogelea baharini kweli tafuta mita 100 kwenda juu, na wazamiaji wanavaa za 200. Saa nyingi za mitindo, za kike hasa, ni 30 au 50. Na hata ile ya mita 100 ukitoka baharini isuuze kwa maji yasiyo na chumvi, na ukibadilisha betri mwambie fundi aangalie ile oringi ya mpira kwenye mfuniko, maana ikishakauka namba iliyoandikwa mgongoni haina maana tena.

Feki nazo. Kiukweli asilimia kubwa ya Michael Kors zinazopita huku ni kopi, na muuzaji wala hakufichi, anakwambia "hii ni kopi namba moja". Kama anauza elfu arobaini na unajua ni kopi, hayo ni yako na Mungu wako. Shida ni kopi kuuzwa kwa bei ya orijino. Kuna kitu kimoja rahisi cha kuangalia, zile saa zenye viduara vitatu vidogo usoni na vibonyezo viwili pembeni. Bonyeza cha juu. Kwenye ya kweli mara nyingi mshale mmoja unaanza kutembea, bonyeza tena unasimama, cha chini unarudisha mwanzo. Kwenye kopi nyingi kibonyezo hakishuki kabisa au kinashuka na hakuna kinachotokea, viduara vyenyewe ni mchoro. Muuzaji akikwambia "hiyo mpaka uiseti", mrudishie saa yake. Ila msije mkasema dada kasema, kuna kopi siku hizi viduara vinatembea, kwaiyo jaribio hili linakamata feki, halithibitishi orijino.

Swali linalofuata ni laki tano hiyo sasa ninunulie nini. Kama unataka kitu cha kudumu, kwa hela hiyo hiyo ama pungufu unaingia kwa watengeneza saa wenyewe. Citizen wana Eco-Drive inayojichaji kwa mwanga, na huku jua tunalo la kumwaga, habari ya kubadilisha betri kila baada ya muda unaisahau. Seiko 5 na Orient zina za otomatiki, hazina betri kabisa, zinajijaza kwa mwendo wa mkono. Seiko 5 zipo tangu 1963, na mjomba anazo za wazee zinaletwa kutoka Newala na Masasi bado zinatembea, anazisafisha, anapaka mafuta, zinarudi kazini. Tofauti yake na kwatsi ni kwamba otomatiki inapotea zaidi, sekunde kadhaa kwa siku, usije ukarudi kulalamika. Na kama hela ni ya mawazo chukua Casio F-91W, ile nyeusi ya plastiki, ipo sokoni tangu 1989, betri yake kiwanda wanasema inakwenda kama miaka saba, nayo ina kopi zake tele lakini ya kweli haikufikishi laki. Mabosi wanaivaa.

Kioo nacho, nakipitia haraka. Nyingi za mitindo zina kioo cha kawaida kilichoimarishwa, kinachubuka ukigusa ukuta. Kioo cha yakuti, utaona saa imeandikwa "Sapphire", hicho mchanga wa pwani haukipati kirahisi, ila ukikigonga vibaya kinapasuka.

Kuuza baadae msitegemee sana. Saa ya mitindo ukishaitoa dukani imeshakuwa mtumba, nimeona mtu anatembeza Emporio Armani ya kweli na boksi lake kabisa, watu wanamtajia elfu sitini.

Pamoja na yote hayo sijasema watu wasinunue, mi mwenyewe nauza urembo, nikisema urembo hauna maana nitakula wapi. Kuna saa za Michael Kors za kike, zile za rangi ya waridi zenye cheni pana, Seiko hawana kitu kinachofanana nazo na mtu akizivaa kwenye send-off anapendeza kweli. Hiyo ihesabu kwenye fungu la nguo, pale pale na gauni na viatu, sio kwenye fungu la vitu vya kudumu. Na usilipe bei kamili, hizi brandi zinashushwa bei mara kwa mara huko nje mpaka nusu, kama una ndugu Muscat au Dubai mwambie asubiri wakati wa punguzo na akuletee na risiti. Ila hela ya ada au ya salfa, ile dawa ya mikorosho, ya msimu ujao usiiguse kwa ajili ya jina la mtu wa Marekani, hapo hata mjomba atakukatalia.

Kuhusu Cartier na Hermès, kuna mmoja aliniuliza kabisa, hao ni watengeneza saa wa kweli wana mafundi wao, ila bei yake uza kwanza shamba la mikorosho alafu tuongee.

Kama unayo tayari na imesimama ipo tu kabatini, usiiache na betri ndani. Betri iliyokufa ikikaa inavuja na ule ute unakula mashine, nimezitoa nyingi zimegeuka kijani. Mpelekee fundi aitoe hata kama huna hela ya betri mpya sasa hivi. Na mashine ikiwa imeshaliwa usiitupe saa, Miyota nzima inabadilishwa kwa hela ndogo tu. Shemeji wa Tandahimba, ile uliyonitumia juzi imeandikwa "Stainless Steel Back", nimeikuza picha nimeona. Usichukue.