Tairi za pikipiki ya Honda CRF250L kwa lami na vumbi
Ndugu, kama kila siku unatoka Rongai kwenda mjini na vumbi la Magadi ni la wikendi tu, usifunge tairi za meno marefu. Kwenye lami huisha upesi, na mvua ikinyesha hazishiki barabara vizuri unapopiga breki. Chukua za mchanganyiko, meno mafupi yaliyokaribiana, saizi 3.00-21 mbele, 120/80-18 nyuma. Ila udongo mweusi ukilowa huyaziba meno hayo mara moja, kwa hiyo siku hizo pita njia nyingine.

Ukifika kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, Nairobi, soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni mwa tairi; ndizo tarehe ya kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019. Hiyo imezeeka, mrudishie muuzaji, hata akikupunguzia bei. Tyubu nazo nunua mpya.