Kuvumwani nyeupe kwenye shina la mnazi: ni Leucobryum au Octoblepharum?

Swali: Nimekuta kuvumwani fupi, haifiki hata sentimita mbili, imeota vishungi vishungi kwenye shina la mnazi. Ni ya kijani kilichopauka, na ikikauka huwa nyeupe kabisa. Nikilinganisha na picha naona ni ya jenasi Leucobryum. Je, nimepatia? Na weupe huo ni ugonjwa?

Jibu: Ugonjwa haupo, ndugu msomaji. Na licha ya jina lake, kuvumwani si kuvu wala si mwani. Ni mmea kamili wenye majani, ila hauna mizizi ya kweli. Weupe unaouona umetokana na umbo la jani lenyewe. Karibu jani lote ni mshipa wa kati uliopanuka na kunenepa. Juu na chini yake kuna matabaka ya seli zilizokufa, tupu, zenye matundu ya kupitisha maji. Seli hai za kijani zimefichwa katikati. Mmea ukikauka, seli tupu hujaa hewa na rangi hupauka zaidi.

Leucobryum nayo ina jani la namna hiyo, kwa hiyo usitegemee rangi. Kwa maelezo yako, mimi naelekea zaidi kwa Octoblepharum albidum, spishi iliyoenea ukanda wa tropiki duniani kote na inayopenda sana mashina ya jamii ya minazi. Lakini picha haitoshi kulimaliza suala hili.

Anza na lenzi ya mkononi ya kukuza mara 10. Jani la Octoblepharum ni bapa, refu na jembamba kama ulimi, na ncha yake huishia ghafla kwa kijinundu kidogo. La Leucobryum kwa kawaida huchongoka polepole, na kuelekea ncha hujikunja kama mfereji. Kisha loweka jani, liweke kwenye slaidi, ulikate kwa wembe mpya vipande vyembamba sana vya kukingama, uvitazame kwa hadubini. Hapo seli za kijani zitakujibu: katika Octoblepharum zina pembe tatu, katika Leucobryum zina pembe nne. Vipande vya kwanza karibu kila mara huwa vinene mno, endelea kukata.

Ukibahatika kupata kapsuli, yaani vijifuko vya spora (chembe za uzazi), ondoa kifuniko cha kapsuli iliyokomaa uhesabu meno yaliyozunguka mdomo wake. Leucobryum ina 16, kama kuvumwani nyingi. Octoblepharum albidum ina manane tu, na ndiyo maana ya jina: kwa Kigiriki ni “kope nane”, na albidum ni Kilatini cha “-eupe”. Jina hilo lilitolewa na Johannes Hedwig, mtaalamu wa mimea aliyezipanga kuvumwani kwa kuangalia meno hayo. Kitabu chake kilitoka mwaka 1801, yeye akiwa ameshafariki, na ndicho kinachohesabiwa kuwa mwanzo wa majina halali ya karibu kuvumwani zote.

Kosa lako wamelifanya hata wataalamu. Kwa muda mrefu Octoblepharum iliwekwa katika Leucobryaceae, familia ya Leucobryum, kwa sababu ya majani hayo meupe mazito. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba iko karibu na familia nyingine, Calymperaceae, na kwamba jani la aina hiyo lilijitokeza zaidi ya mara moja katika koo tofauti. Leo utaikuta ama ndani ya Calymperaceae, ama katika familia yake yenyewe, Octoblepharaceae. Ukikuta vitabu viwili vinapingana juu ya familia, usidhani kimoja kinazungumzia mmea mwingine.

Kwa sasa bandua kishungi kimoja tu, ukiache kikauke, ukihifadhi katika bahasha ya karatasi. Usitie kwenye mfuko wa plastiki, kitaota ukungu. Andika juu yake tarehe, mahali, aina ya mti na kimo kutoka ardhini. Siku utakapopata hadubini, tone la maji litayarudisha majani katika umbo lake.