Hata Tunayemlaani Amefanana na Mungu

Mhariri, swali lenu la juma hili lilihusu neno la Kigiriki homoiosis, ambalo Yakobo amelitumia kumweleza mwanadamu: lina maana gani, na je, ni tofauti na eikon, neno jingine la Kigiriki lenye maana ya sura au sanamu? Kwa kifupi, homoiosis ni kufanana. Hata hivyo, ile tofauti kubwa ambayo wahubiri wetu hupenda kuijenga kati ya maneno haya mawili siioni katika aya ya Yakobo.

Maneno haya yanakutana kwanza katika Mwanzo 1:26. Wayahudi walioitafsiri Torati kwa Kigiriki katika karne ya 3 kabla ya Kristo waliweka eikon mahali pa neno la Kiebrania tselem, na homoiosis mahali pa demut. Nilifungua Biblia yangu ya Union Version, penseli mkononi, nikidhani ningepata neno moja la Kiswahili kwa kila moja la Kigiriki. Katika Mwanzo nikasoma "kwa mfano wetu, kwa sura yetu", yaani mfano umesimama mahali pa eikon na sura mahali pa homoiosis. Katika Yakobo 3:9 homoiosis ikawa mfano. Eikon nayo ni sura katika 2 Wakorintho 4:4, ni mfano katika Wakolosai 1:15, na katika Marko 12:16, Yesu anapouliza habari za dinari, ni sanamu. Ukurasa wangu ulijaa mishale inayopishana. Siwalaumu watafsiri, kwa sababu hata wale wa kale hawakushika mstari mmoja: katika Mwanzo 5:1 Kiebrania kina demut peke yake, nao wakaandika eikon.

Waliotenganisha maneno haya kwa nguvu ni walimu wa Kanisa waliokuja baadaye. Irenaeus, askofu wa Lyon katika karne ya 2, alifundisha mahali fulani kwamba sura (eikon) imo katika umbo la mtu, bali mfano (homoiosis) hupatikana kwa Roho. Origenes wa Aleksandria akaongeza hoja ambayo mimi naiona ya werevu sana: Mwanzo 1:27 inataja eikon na kuinyamazia homoiosis, kwa hiyo mtu alipewa ya kwanza siku ya kuumbwa, na ya pili amewekewa mwishoni, aitafute kwa bidii. Sarufi nayo inaelekea kuwaunga mkono, maana majina ya Kigiriki yenye kiishio -sis mara nyingi hutaja tendo, na Plato, mwanafalsafa wa Kigiriki, alikwisha kulitumia neno homoiosis kwa jitihada ya mtu kufanana na mungu kadiri awezavyo. Lakini kiishio hakitoshi kuamua maana. Katika Ezekieli 1:10 ya Kigiriki, homoiosis ni namna tu nyuso za wale viumbe hai zilivyoonekana, wala hakuna anayejitahidi kuelekea popote.

Turudi kwa Yakobo, kwa kuwa katika Agano Jipya lote neno hili limetumika mara moja tu, hapo kwake. Anazungumzia ulimi: "Kwa huo twamhimidi Mungu Baba yetu, na kwa huo twawalaani wanadamu waliofanywa kwa mfano wa Mungu." Kitenzi kilichotafsiriwa "waliofanywa" kiko katika hali timilifu, ambayo kwa Kigiriki hueleza jambo lililokwisha kutendeka na ambalo matokeo yake yangalipo. Tena hasemi watakatifu, wala waliobatizwa. Anasema wanadamu, na hasa wale tunaowalaani. Kama homoiosis ingekuwa daraja la wachache waliokwisha kukua kiroho, shutuma yake ingekosa nguvu, kwa sababu kila mlaani angejitetea kwamba huyu niliyemtukana bado hajafika huko. Jumapili moja nilitoka ibadani, zaburi ingali midomoni, nikamwita kondakta wa daladala mbwa kwa sababu ya chenji ya shilingi mia mbili. Aya hii inanikamata hapo mlangoni mwa gari, na utetezi wa Origenes haunifai kitu.

Kuhusu Kiswahili chetu, neno mfano lina kasoro yake, kwani msomaji anaweza kufikiria mfano wa mpanzi, au mfano anaoutoa mwalimu ubaoni. Wala ule usemi wetu wa shilingi kwa ya pili hausaidii: shilingi mbili ziko sawasawa, hakuna iliyo asili ya mwenzake, ilhali mtu na Mungu hawalingani. Dinari ya Marko iko karibu zaidi, maana uso wa Kaisari uliigwa juu ya fedha, na fedha haikuwa Kaisari. Kwa hiyo ningependa Yakobo 3:9 isomwe hivi: "wanadamu waliofanywa wafanane na Mungu, na ambao wangali wamefanana naye." Ni tafsiri ndefu, najua, lakini kile kitenzi cha hali timilifu hakiingii katika "waliofanywa" peke yake.