Maswali ya Wasomaji: Silabi Nane za Tennyson

Toleo lililopita lilikuwa na makala fupi juu ya Alfred Tennyson, mshairi wa Uingereza aliyeishi kuanzia 1809 hadi 1892, na juu ya "In Memoriam", shairi lake refu la kumlilia rafiki. Barua zimekuja nyingi kuliko nafasi. Tumechukua nne.

Mama F., Kadutu, Bukavu: *Mtoto wangu aliniletea maneno ya Tennyson: ni heri kupenda ukapoteza kuliko kutopenda kabisa. Nataka kuyaweka kwenye karatasi ya misa ya kumaliza matanga ya baba yao, kwa Kiswahili cha kuimbika. Dada yangu anasema hayo ni maneno ya wachumba walioachana. Nani yuko na haki?*

Mama, pole kwa msiba. Haki iko kwako. Maneno hayo yamo katika ubeti wa mwisho wa sehemu ya 27 ya "In Memoriam", na hapo hakuna wachumba walioachana. Aliyekufa ni Arthur Hallam, rafiki wa Tennyson tangu chuo cha Cambridge, aliyekuwa amemposa Emily, dada yake mshairi. Alifia Vienna ghafla tarehe 15 Septemba 1833, akiwa na miaka 22. Maiti ikaletwa kwa meli kutoka Trieste, ikazikwa Clevedon, karibu na mto Severn, Januari 1834. Wanaouandika mstari huo kwenye kadi za mapenzi wameukata kwenye shina lake. Beti zinazoutangulia zinamtaja ndege aliyezaliwa kizimbani, asiyewahi kuona msitu wakati wa kiangazi. Mshairi anasema hamwonei wivu, ingawa ndege huyo hana cha kupoteza. Ndipo anapofikia maneno unayoyataka.

Sasa kuyaimba. Kila mstari wa shairi hili una silabi nane, na hiyo ni bahati yetu, maana kipande cha utenzi nacho kina mizani nane. Tofauti iko kwenye vina. Katika utenzi vipande vitatu vina kina kimoja, na cha nne kina kina chake kinachokwenda hadi mwisho wa utenzi mzima. Tennyson anafunga mstari wa kwanza na wa nne, wa pili na wa tatu. Tunakushauri usiugeuze kuwa utenzi. Kina cha utenzi humvuta msikilizaji mbele ili kisa kiendelee. Hiki cha Tennyson huondoka kisha kikarudi pale kilipoanzia, kama mtu anayefika mlangoni akakumbuka kwamba hana tena wa kumwendea.

Andika kwanza maana yake kwa maneno ya kawaida: nashika kwamba hili ni kweli, liwe liwalo, nalihisi ninapohuzunika zaidi, ni heri kupenda na kupoteza kuliko kutopenda kamwe. Halafu usianze na mstari wa juu. Anza na kina cha katikati, kwa sababu mstari wa pili na wa tatu vimegusana na sikio litakamata kosa palepale. Weka pembeni maneno matano au sita yenye mwisho mmoja kabla ya kuchagua. Hapo wengi huteleza: "majonzi" na "machozi" havifungi vizuri, kimoja ni -nzi na kingine -zi.

Jaribio la kwanza linaweza kutoka hivi:

Nashika hili daima,
hata katika majonzi:
heri kufiwa mpenzi
kuliko pendo kunyima.

Piga meza ukihesabu: nane kila mstari. "Mpenzi" ni mizani tatu, m-pe-nzi, na anayetamka "mupenzi", kama wengi hapa Bukavu, atapata tatu vilevile. Lakini mstari wa tatu unachechemea. "Kufiwa" linadai "na", nasi tumeinyima ili hesabu itoshe. Tena "mpenzi" ndilo neno litakalomrudisha dada yako kwa wachumba wake. Weka "mwenzi". Lina mizani mbili tu, mwe-nzi, kwa hiyo "na" inapata kiti chake: *heri kufiwa na mwenzi*. Nane tena, na safari hii sarufi imekaa. Mwenzi ni rafiki, kama Hallam alivyokuwa. Mwenzi ni mume pia.

Kilichopotea ni "kamwe" ya mstari wa mwisho. Tennyson anamsema mtu ambaye hakupenda hata mara moja. Sisi tumemsema mtu anayenyima pendo, na hilo ni kosa lake mwenyewe, si ukosefu wa bahati. Ukipata mstari wa kina cha -ma unaobeba "kamwe", badilisha. Kama haupatikani, usihangaike. Verlaine, fundi wa mashairi ya Kifaransa, alimweleza Yeats, mshairi wa Ireland, kwamba alijaribu kutafsiri "In Memoriam" yakamshinda, kwa kuwa Tennyson pale alipopaswa kuvunjika moyo alikuwa na kumbukumbu nyingi.

Chini ya ubeti andika: Tennyson, "In Memoriam", 27.

K., mwanafunzi wa Kiingereza, Lubumbashi: *Katika TFC yangu (kazi ya kumaliza masomo) niliandika kwamba mstari wa "In Memoriam" una "pieds" nane, na kwamba shairi ni shajara ya miaka mitatu. Mwalimu amekata yote mawili kwa wino mwekundu. Mbona Noeli tatu zimo?*

Mwalimu ameona sawa. Shuleni tulifundishwa shairi la Kifaransa, na huko silabi moja ndiyo tuliyozoea kuiita "pied". Mguu wa shairi la Kiingereza ni kitu kingine. Katika shairi hili ni silabi mbili, nyepesi kisha nzito, kwa hiyo silabi nane ni miguu minne. Kosa si la jina tu. Ukihesabu silabi peke yake, hutaona pale Tennyson anapovunja mwendo kwa makusudi. Soma mwisho wa sehemu ya 7, ambapo amesimama alfajiri mbele ya nyumba ya akina Hallam, mtaa wa Wimpole, London: "On the bald street breaks the blank day". Silabi bado ni nane, lakini nzito tatu zimefuatana katikati, na nyingine mbili mwishoni. Piga meza unaposoma. Mkono utakosa pa kupumzika. Aya moja juu ya mstari huo itakupa alama kuliko kurasa tatu za maisha ya mshairi.

Kuhusu shajara: Noeli tatu zipo kweli, katika sehemu ya 28, ya 78, na 104 hadi 105. Huo ni mpangilio uliowekwa baadaye. Sehemu 131 zenye namba, pamoja na dibaji na tamati, ziliandikwa kwa miaka 17 bila mfuatano, zikachapishwa 1850 bila jina la mwandishi. Ushahidi umo ndani ya shairi lenyewe. Kwenye Noeli ya tatu familia iko katika nyumba ngeni, kwa sababu imehama. Akina Tennyson waliondoka Somersby, kijiji alichozaliwa, mwaka 1837. Hesabu kutoka Septemba 1833: Noeli ya kwanza ugenini ni ya tano baada ya kifo. Weka hesabu hiyo kwenye kazi yako na mwalimu hatakuwa na la kukata.

Na ukiwa unasahihisha, angalia kama umemwita "Lord" anapochapisha shairi hili. Ulodi ulikuja 1884. Mwaka 1850 alikuwa Alfred Tennyson tu, na cheo cha mshairi wa malkia alikipata Novemba mwaka huo, baada ya Wordsworth, aliyekuwa nacho, kufa mwezi wa Aprili. Alikaa nacho hadi kifo chake, miaka 42.

B., Katindo, Goma: *Nimesoma kwamba Tennyson anasema vilima vinatiririka. Alikuwa anasema volkano?*

Hapana, ingawa mtu wa Goma ana kila sababu ya kuuliza. Hiyo ni sehemu ya 123. Anasema palipoota mti sasa bahari inavingirika, na penye barabara ndefu yenye makelele palikuwa kimya cha katikati ya bahari. Vilima ni vivuli, vinatiririka kutoka umbo hadi umbo, nchi ngumu zinayeyuka kama ukungu. Mwaka 1837 alikuwa akisoma kitabu cha Charles Lyell juu ya miamba. Hoja ya Lyell ni kwamba milima hujengwa na kubomolewa polepole, kwa nguvu zilezile tunazoziona leo: mvua, mito, mawimbi, matetemeko, na volkano pia. Kinachomtisha Tennyson ni huo urefu wa muda. Lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002 ikaingia ziwani, watu wakiangalia. Kutiririka anakosema yeye hakuna jicho linalokuona.

Usimtie Darwin hapo. Hata yale maneno ya sehemu ya 56, juu ya maumbile yenye meno na makucha mekundu, yalichapishwa miaka tisa kabla ya kitabu cha Darwin cha 1859 juu ya viumbe kubadilika.

Mzee M., Bagira, Bukavu: *Je, ni kweli aliandika juu ya Timbuktu?*

Ni kweli, Mzee, na hakufika huko. Timbuktu ilikuwa mada iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Cambridge kwa mashindano ya mashairi, na mwaka 1829 yeye akachukua medali ya dhahabu. Washindani walizoea kuandika mistari yenye vina, miwili miwili; lake halikuwa na vina kabisa. Shairi lenyewe halikuwa jipya. Alikuwa na lake la zamani juu ya Har–Magedoni, akalibadilisha mwanzo na mwisho, akalipeleka. Siku ya kulisoma mbele ya watu alikwepa, mwenzake mmoja akalisoma badala yake.