Mkubwa azungumze mwisho: ushauri kwa wanaofanya kazi ya matangazo Dodoma

Kampuni nyingi za matangazo hapa Dodoma ni ndogo. Utamkuta bosi, mwandishi, dizaina mmoja au wawili, mtu wa kufuatilia ankara, na vijana wa fildi, yaani wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, kutoka vyuo vikuu vya UDOM au St. John's. Nimefanya kazi kwenye ofisi za namna hiyo kwa miaka mingi, na sasa naongoza timu ya ubunifu hapa Makole. Vijana huniuliza zaidi kuhusu kamera na programu za kompyuta. Vyote vina umuhimu wake, lakini kinachoua matangazo mazuri kuliko ubovu wa kamera ni kikao ambacho mkubwa ndiye ameanza kusema.

Tumelelewa kumsikiliza aliyetutangulia. Ni malezi mema, wala siombi yaachwe. Ila bosi akifungua kikao kwa kusema, "Jamani, mimi naona tuweke familia mezani, inatabasamu," kikao hicho kimekwisha hata kama mtakaa hadi saa nane mchana. Kila atakayefuata ataipamba familia ileile. Mmoja ataongeza bibi, mwingine atabadilisha kitambaa cha meza, na aliyekuja na wazo tofauti atalikunja na kuliweka mfukoni.

Jambo linalokaribiana na hili lilishapimwa. Alex Osborn, mmoja wa wakuu wa kampuni ya matangazo ya BBDO ya New York, ndiye aliyeeneza utaratibu wa timu kukaa pamoja na kumwaga mawazo bila kukosoana. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichukua vikundi vya watu wanne, wakavilinganisha na watu wanne waliofikiri kila mmoja peke yake, kisha mawazo yao yakajumlishwa. Waliofikiri peke yao walitoa mawazo mengi zaidi. Tafiti za baadaye zilieleza sababu: mtu huogopa kupimwa na wenzake, husubiri zamu huku wazo likimponyoka, au huwategea wengine wafikiri. Hayo yalikuwa Marekani, ambako kijana anaweza kumwita bosi kwa jina lake. Kwetu, ambako hufungui mdomo bila kutanguliza "mzee" au "dada", uoga huo unakuwa mkubwa zaidi.

Kwa hiyo ofisini tumejiwekea utaratibu. Maelekezo ya mteja yakifika, kila mtu anachukua nakala na kuondoka nayo. Asubuhi inayofuata kila mmoja analeta mawazo yake kwenye karatasi zilizochapwa, bila jina, ili hata mwandiko usimtambulishe mtu. Tunazibandika ukutani na kuzisoma kimya. Kisha mdogo kuliko wote kikazi anaanza kusema ni lipi limemgusa na kwa nini, tunapanda hivyohivyo mpaka kwa bosi. Bosi ndiye anayeamua, maana ndiye atakayemkabili mteja. Lakini anaamua akiwa ameshasikia.

Kuna mteja wetu anayekamua alizeti. Alitaka tangazo la redio kabla ya Nanenane, wakati watu wanamiminika kwenye maonyesho ya wakulima Nzuguni. Karatasi nyingi ukutani zilisema yaleyale: afya, usafi, ladha. Moja ilikuwa na maneno mawili tu: "Inyanyue juani." Aliyeiandika alikuwa binti wa fildi ambaye mama yake anauza mafuta sokoni. Zamu yake ilipofika alieleza kwamba mnunuzi wa mafuta hasomi lebo kwanza. Anashika chupa, anaielekeza kwenye jua, anatazama kama kuna mashapo chini. Kila mtu mle chumbani alishawahi kufanya hivyo, na hakuna mwingine aliyeliandika.

Tangazo zima tulilijenga juu ya tendo hilo. Mama anauliza bei, kimya kidogo, muuzaji anamwambia, "Inyanyue juani, mama," kisha mama anasema, "Haya, nipe mbili." Mteja alisita kwa kuwa neno afya halikutajwa popote. Tulimwomba aende soko la Majengo asubuhi, asimame karibu na wauza mafuta, aangalie mikono ya watu. Alikwenda, akarudi na kutia saini. Nalipenda tangazo lile kuliko mengi tuliyotumia fedha kubwa.

Ndiyo maana nasisitiza pia kutoka ofisini. Sehemu kubwa ya riziki ya mkoa huu iko mashambani na sokoni: zabibu, alizeti, mahindi ya Kibaigwa, mbuzi wa mnadani. Mwandishi anayejua Dodoma ya wizara na hoteli pekee atawaandikia watu wa wizara na hoteli pekee, hata anapodhani anamwandikia mkulima wa Kongwa.

Jambo jingine ni mwandishi na dizaina kukaa meza moja. Kampuni ya Doyle Dane Bernbach, iliyoanzishwa New York mwaka 1949, ilijijengea jina kwa kuwaweka wawili hao pamoja tangu mwanzo wa kazi, wakati kwingine mwandishi alimaliza maneno ndipo akampelekea mchoraji. Matangazo yao ya Volkswagen ya mwaka 1959 yangali yanafundishwa. Sisi tuna ofisi za vyumba viwili, na bado mwandishi anatuma maneno kwa WhatsApp kwa dizaina aliye upande wa pili wa ukuta! Sogezeni meza. Haigharimu kitu.

Najua kuna miezi ambayo utaratibu wote huu unabanwa. Kuanzia Aprili Bunge la bajeti linaendelea, mwaka wa fedha wa serikali unafungwa Juni 30, na kila taasisi inataka mabango na vipeperushi vyake jana. Hata hapo, wape watu wako nusu saa ya kuandika kila mtu kivyake kabla ya kukaa pamoja.

Na wewe kijana ambaye ofisini kwako bosi bado anaanza kusema, usimpinge mbele ya watu. Utamlazimisha alinde kauli yake. Mfuate baada ya kikao. Sema, "Mzee, nimelifikiria lile wazo lako, naomba nikuonyeshe na njia nyingine." Uwe na karatasi mkononi, wazo limeandikwa kwa ufupi, na uweze kueleza ulimwona nani akifanya nini sokoni, kwenye daladala au kwenye foleni ya hospitali. Akikataa, lihifadhi lenye tarehe yake, kwa sababu mteja mwingine mwenye bidhaa inayofanana huenda akaja baada ya Nanenane.